Mbegu gani ya sungura inafaa kwa banda la nje?

MFUGAJI anayetaka kuanza na sungura watano au sita nyuma ya nyumba kwa kawaida huuliza bei kwanza, kisha rangi, na mwisho kabisa ndipo huuliza iwapo mnyama huyo ataweza kuishi pale anapopelekwa. Mpangilio huo wa maswali ndio unaowagharimu wengi. Dume la kilo saba lililostawi vizuri katika baridi ya Njombe linaweza kufa kwa joto katika alasiri moja ya Februari jijini Dar es Salaam, hata kama maji na majani yapo mbele yake.

Sungura wote wa kufugwa duniani, wawe weupe au weusi, wa kilo moja au wa kilo nane, wametokana na mnyama mmoja wa porini ambaye asili yake ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno ya leo. Kisayansi anaitwa Oryctolagus cuniculus.

Mnyama huyo si yule sungura wa hadithi za Waswahili anayewazidi akili simba na fisi. Sungura wa hadithi ni mnyama wa porini wa jamii ya Lepus, ambaye hachimbi mashimo, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, na hazaliani na sungura wa bandani. Muuzaji anayedai kuwa na chotara wa hao wawili anauza maneno.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Mnyama wa Iberia amezoea kujificha shimoni wakati jua likiwa kali na kutoka kutafuta malisho alfajiri na jioni. Anapofungiwa katika kizimba cha waya kilichoinuliwa juu ya ardhi, ananyang'anywa shimo lake, na kazi ya shimo hilo inabaki kufanywa na banda pamoja na maumbile ya mbegu yenyewe. Ndiyo maana suala la mbegu gani linafaa kukaa nje haliwezi kutenganishwa na suala la nje ya wapi.

Joto ndilo adui

Sungura hustawi zaidi katika nyuzi joto kati ya 15 na 20 hivi. Hana uwezo wa kutoa jasho la kumpoza. Hupunguza joto la mwili kwa kuhema haraka haraka na kwa kupitisha damu nyingi kwenye masikio yake mapana. Hali ya hewa ikizidi nyuzi 30 hula kidogo na kukua polepole, na ikifika 35 uwezo wake wa kujipoza huanza kushindwa kabisa.

Madhara yanayoonekana kwanza si kifo. Dume likikaa katika joto kali kwa siku kadhaa, shahawa zake hudhoofika na linaweza kubaki bila uwezo wa kutungisha mimba kwa wiki nyingi baadaye, ingawa linapanda kama kawaida. Mfugaji wa Pwani ambaye majike yake yanapandwa Februari na Machi bila kushika mimba mara nyingi huwalaumu majike na kuwauza, kumbe tatizo lipo kwenye kizimba cha pili.

Baridi, kwa upande mwingine, haimsumbui sungura mkubwa kama watu wengi wanavyodhani. Katika Uingereza na Ujerumani sungura hukaa mabanda ya nje hata wakati wa theluji, alimradi wawe pakavu na wasipigwe na upepo. Wanaoangamia kwa baridi ni watoto, kwa sababu huzaliwa uchi, macho yamefumba, na hutegemea manyoya ambayo mama hujinyonyoa kifuani ili kutandika kiota.

Kwa hiyo mtu anayechagua mbegu ya kukaa nje katika Afrika Mashariki kwanza anachagua mnyama wa kuhimili joto. Vipo vitu vinne vya kutazama mwilini: ukubwa, manyoya, masikio na nyayo.

Mwili mdogo hupoteza joto kwa urahisi kuliko mwili mkubwa, kwa kuwa una ngozi nyingi zaidi ukilinganisha na uzito wake. Manyoya mafupi yanayolala vizuri hupitisha hewa, ilhali manyoya marefu au mazito mno humfungia mnyama joto lake. Masikio yaliyosimama hupigwa na upepo na kukauka. Yaliyolala hukusanya nta na uchafu, nayo hupatwa na maradhi ya ndani ya sikio mara nyingi zaidi. Nyayo zenye manyoya mazito huhimili sakafu ya waya, na zisizo na manyoya ya kutosha huchubuka na kuota vidonda vinavyomfanya mnyama ashindwe hata kupanda.

Weupe wawili wanaochanganywa

Mbegu inayotajwa zaidi na wafugaji ni New Zealand White. Licha ya jina, haikutoka New Zealand. Ilitengenezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni sungura mweupe mwenye macho mekundu, masikio yaliyosimama na mgongo mpana, na akikomaa huwa na uzito wa kilo nne hadi tano na nusu. Nyayo zake zina manyoya mazuri, majike wana maziwa ya kutosha, na watoto hukua haraka iwapo chakula kipo. Udhaifu wake ni kwamba macho yasiyo na rangi hayapendi mwanga mkali, hivyo hafai kuwekwa pasipo na kivuli.

Mbegu ya pili ni Californian, iliyoanzishwa na George West katika jimbo la California kuanzia mwaka 1923. Aliwachanganya sungura wa Himalayan na Chinchilla, kisha akaongeza damu ya New Zealand White. Matokeo yake ni mnyama mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia wa rangi nyeusi au kahawia iliyoiva, mwenye uzito wa kilo tatu na nusu hadi karibu tano. Kwa sababu ni mdogo kidogo kuliko New Zealand, huvumilia joto vizuri zaidi, na kwa mtu wa ukanda wa chini anayetaka nyama, huyo ndiye wa kuanzia.

Hapa ipo siri ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Rangi nyeusi ya Californian hutegemea joto: hujitokeza pale ngozi inapokuwa na ubaridi, ndiyo maana huonekana kwenye ncha za mwili tu. Sungura yule yule akikulia Tanga au Mombasa ncha zake hupauka, na akikulia Limuru huiva hadi kukaribia weusi wa makaa. Mtoto aliyepatwa na baridi kiotani anaweza hata kuota manyoya ya kijivu mgongoni, ambayo hupukutika baadaye. Anayemkataa Californian wa Pwani kwa madai kwamba "amefifia" anamwonea, na anayelipa zaidi kwa ajili ya weusi wa ncha analipia hali ya hewa ya mahali mnyama alipotoka.

Kosa la upande wa pili ni kuita kila sungura mweupe mwenye macho mekundu New Zealand. Weupe huo hutokea katika mbegu nyingi, pamoja na chotara wa mtaani wa kilo mbili na nusu. Jina bila mizani halina maana; sungura anayeuzwa kama jike la New Zealand lililokomaa lakini halifiki kilo tatu na nusu ni kitu kingine, hata kama ni kizuri kwa namna yake.

Chinchilla, aliyeoneshwa hadharani kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1913 na mhandisi aitwaye Dybowski, ana manyoya ya kijivu yaliyochanganyika na meusi. Hapo awali alikusudiwa kwa ngozi. Aina zake za uzito wa kati ni wagumu, hawachagui sana chakula, na rangi yao haionyeshi uchafu haraka. Katika maeneo ya wastani kama Arusha, Iringa na Mbeya ni chaguo la kuaminika. Pwani huhitaji kivuli zaidi kwa sababu manyoya yake ni mengi.

Dutch, mwenye mkanda mweupe mabegani na kilo mbili hadi mbili na nusu tu, hudharauliwa kwa udogo wake. Dharau hiyo haina msingi kwa familia inayolisha sungura kwa majani ya shambani na maganda ya jikoni. Hula kidogo, hukomaa mapema, hulea vizuri, na hata majike yake hutumika kulea watoto wa mbegu nyingine. Joto pia halimwelemei upesi.

Majitu na bei zake

Mnyama anayevutia macho kuliko wote katika maonesho ya kilimo ni Flemish Giant, sungura wa Flanders nchini Ubelgiji, ambaye huanzia kilo sita na wengine hupita nane. Muuzaji akimwinua kwa mikono miwili, watu hujaa. Mahesabu hufanyika hapo hapo: kama sungura mmoja ana kilo nane, basi kumi wana kilo 80.

Mahesabu hayo husahau mambo kadhaa. Flemish Giant hukawia kukomaa. Jike lake hupandishwa likiwa na miezi minane au tisa, wakati Dutch huweza kupandishwa katika mwezi wa tano. Sehemu kubwa ya uzito wake ni mifupa. Hula kwa wingi kila siku ya kukawia huko. Uzito wake hukandamiza nyayo kwenye waya, hivyo huhitaji sakafu ya fito au mbao laini na kizimba kipana kuliko cha kawaida. Na juu ya yote, mwili wake mkubwa ndio ule ule unaoshindwa kutoa joto.

Hiyo haimaanishi kwamba hana kazi. Katika nyanda za juu zenye baridi, dume moja la Flemish likipandishwa kwa majike ya New Zealand au Chinchilla yenye mwili mpana huongeza umbo la watoto wa kuchinjwa. Kumweka kama mbegu pekee ya banda la nje la Pwani, hata hivyo, ni kutupa fedha. French Lop, mwenye masikio yaliyolala na kilo tano au zaidi, yumo katika kundi hilo hilo, na huongeza tatizo la masikio ambayo hayapati hewa.

Mbegu nyingine zinaweza kuondolewa haraka. Angora, anayefugwa kwa sufu, hunyolewa kila baada ya miezi mitatu hivi, na sufu hiyo katika unyevu wa mwambao hufungana kama mkeka huku mnyama akipikwa ndani yake. Rex ana manyoya laini ya kupendeza, lakini nyayo zake ni nyembamba na huota vidonda kwenye waya. Vijeba wa kilo moja wanaouzwa kama wanyama wa kupendeza watoto si wa kuzalisha: wazazi wawili wenye kinasaba cha ujeba wakipandishwa, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hurithi kinasaba hicho kutoka pande zote mbili na hufa mapema.

Funzo kutoka nchi za joto

Nchi za Kiarabu zilikabiliana na suala hili mapema, kwa kuwa joto lao ni kali kuliko la Dar es Salaam. Misri ina sungura wake wa kienyeji waitwao Baladi, neno lenye maana ya "wa nchini", pamoja na Gabali, yaani wa milimani. Neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua katika jabali. Wote ni wadogo kuliko mbegu za Ulaya, lakini huzaa katika majira ambayo wageni hushindwa.

Badala ya kuwaacha wenyeji hao na kuagiza wageni watupu, watafiti wa Misri na Saudi Arabia waliwachanganya na ukoo uitwao V, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Valencia nchini Hispania kwa ajili ya uzazi mwingi. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana koo mpya, miongoni mwao APRI ya Misri na zile za Saudi zilizotoka kwa Gabali. Marekani nayo, katika tawi la Kingsville la Chuo Kikuu cha Texas A&M, ilitengeneza mchanganyiko wake kwa ajili ya joto la kusini mwa jimbo hilo.

Kenya ilianza upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Ujerumani, iliendesha mradi wa kitaifa wa sungura uliosambaza mbegu bora kwa wafugaji kutoka Ngong, karibu na Nairobi. Ngong ni mahali pa baridi, na mbegu zilizostawi pale zilistawi pia katika vilima vya Kenya ya kati. Kuzipeleka kama zilivyo hadi Mombasa ni jambo jingine.

Kwa mfugaji mdogo, mafunzo hayo yanaelekea mahali pamoja: sungura wa kienyeji wa rangi mchanganyiko, wa kilo mbili hadi tatu, asidharauliwe. Wazazi wake wamepita majira mengi ya joto, viroboto na chakula haba katika eneo lile lile. Majike ya namna hiyo yakipandishwa na dume safi la Californian au New Zealand hutoa watoto wanaokua vizuri kuliko mama zao na kustahimili kuliko baba zao. Ndiyo njia isiyo na gharama kubwa, na kwa mabanda mengi ya nje ya Tanzania ndiyo inayofaa kuliko zote.

Mahali huamua

Katika mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kipindi kibaya ni cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara na usiku hautoi nafuu. Banda likae chini ya mwembe au mwarobaini, liezekwe kwa makuti badala ya bati tupu, na upande wenye waya uelekee upepo. Wakati wa kusi upande huo huo huhitaji kizuizi cha mvua. Kasha la kuzalia liwe na tundu za hewa chini, kwani watoto hufa kwa kukosa pumzi kuliko kwa baridi.

Dodoma na Singida mchana ni mkali lakini usiku hupoa, na sungura hufidia kwa kula usiku. Huko Californian, Dutch na chotara hufanya vizuri, mradi maji yasikosekane. Jike linalonyonyesha huweza kunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Tatizo kubwa huwa upepo wa vumbi, ambao huamsha mafua.

Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Makete, Lushoto na vilima vya Limuru hutoa uhuru zaidi wa kuchagua. Hapo New Zealand, Chinchilla, na hata majitu, hukaa nje bila shida. Kinachotakiwa ni ukuta upande wa upepo na kasha lenye nyasi kavu nyingi, hasa Juni na Julai.

Popote pawapo, siafu hawachagui mbegu. Jeshi la siafu likipanda usiku humaliza kiota kizima kabla ya alfajiri. Miguu ya banda isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu, na majani yasiachwe yaegemee kuta. Nguchiro, kicheche, chatu na paka huzuiliwa kwa waya mgumu wenye matundu madogo, wala si kwa wavu wa kuku uliolegea.

Wakati wa kununua

Mnunuzi mwenye busara hutembelea kwanza mfugaji wa eneo lake mwenyewe, wala haanzi na tangazo la mbali. Sungura waliozaliwa ndani ya kilomita chache tayari wamefaulu mtihani wa hali ya hewa. Aombe kuona mama na baba, na aangalie iwapo mama amelea watoto wangapi wakati wa joto kuliko alizaa wangapi.

Kisha amshike mnyama. Masikio yafunuliwe: magamba ya kahawia ndani yake ni dalili ya upele wa masikio. Miguu ya mbele ikiwa na manyoya yaliyogandamana, sungura huyo anapangusa kamasi. Meno ya mbele yakutane sawasawa. Yaliyopinda huendelea kukua hadi mnyama ashindwe kula, na kasoro hiyo hurithiwa. Nyayo za nyuma zigeuzwe na kutazamwa. Mnyama wa miezi mitatu au minne ni bora kuliko aliyekomaa, kwa kuwa atazoea mahali papya kabla ya kuanza kuzaa.

Dume na majike wasitoke tumbo moja. Wauzaji wengi hutoa "seti" ya ndugu watupu, na katika vizazi viwili au vitatu watoto huanza kudumaa. Hapo mbegu hulaumiwa kwa kosa la damu kukaribiana.

Katika miaka ya 2010, Kenya na Tanzania zilishuhudia wimbi la mikataba ambapo mbegu ziliuzwa kwa bei kubwa kwa ahadi kwamba muuzaji atanunua watoto wote baadaye. Wafugaji wengi walibaki na mabanda yaliyojaa na hakuna mnunuzi. Bei ya mbegu ipimwe kwa bei ya nyama sokoni na kwa idadi ya watoto watakaofika umri wa kuuzwa, si kwa ahadi iliyo kwenye karatasi.

Suala moja halitatuliwi na mbegu yoyote. Ugonjwa wa virusi unaosababisha sungura kuvuja damu ndani ya mwili, uliotambuliwa kwanza China mwaka 1984, ulipata aina mpya Ufaransa mwaka 2010, na mwaka 2020 aina hiyo iliua sungura wengi nchini Nigeria. New Zealand, Chinchilla na wa kienyeji wote hufa kwa huo. Sungura mgeni atengwe mbali na wenzake kwa wiki mbili au zaidi, alishwe baada ya wengine wote, na chombo chake cha maji kisihamishiwe kizimba kingine.